Mafuta Yanayoishia Kwenye Breki

Magari ya spoti yaliyokwisha kutumika Japani, kama Subaru Impreza WRX na Toyota Altezza, yamekuwa jambo la kawaida katika barabara ya Morogoro, na wenye kuyamiliki aghalabu hulalamika kwamba yanakunywa mafuta pasipo kiasi. Malalamiko hayo si ya uongo, lakini lawama imeelekezwa pasipo pake. Maana injini haina hiari ya kufanya israfu, na sehemu kubwa ya petroli inayodhaniwa kuliwa na injini hupotezwa na mguu wa dereva, wala si mguu ulio juu ya mafuta peke yake, bali zaidi ule ulio juu ya breki.

Tuyatazame kwanza mahitaji ya gari lenyewe. Gari la namna hiyo, lenye uzito wa kilo 1,400 pamoja na waliomo, likienda kilomita 80 kwa saa juu ya lami iliyo sawa, hupingwa na mambo mawili: tairi, ambazo hubonyea na kuinuka kila zinapozunguka na kudai nguvu ya nyutoni 165 hivi, na hewa, ambayo lazima isukumwe kando na kudai nyutoni kama 200. Kazi yote hiyo hutimizwa na nguvu za farasi kama 11 tu, ilhali watengenezaji wa Japani, ambao mpaka mwaka 2004 walikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye nguvu ya kupita farasi 280, walitoa magari kadhaa yaliyofika ukomo huo. Basi mwenye gari la farasi 280 anayekwenda kwa utulivu kutoka Kibaha hadi Chalinze huwa ametoa farasi 11 kazini, na waliobaki wamo zizini, wala hawaachi kula. Injini kubwa yenye kazi ndogo huvuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa, pistoni zikitaabika kunyonya, na msuguano wa vyuma vyake haupungui kwa sababu kazi imepungua. Ndiyo sababu gia ya juu ina faida: anayebaki gia ya tatu kwa kupenda mlio, injini ikizunguka karibu mara 4,000 kwa dakika mahali ambapo gia ya tano ingalimpeleka kwa mizunguko 2,000 na ushei, hununua petroli ya kulisha msuguano mtupu.

Hewa ina kanuni kali kuliko tairi, kwa kuwa ukinzani wake hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: dereva akitoka kilomita 80 akafika 120 kwa saa, zile nyutoni 200 huwa 450. Katika kipande cha kilomita 20 atakuwa ameokoa dakika tano, naye atakuwa amezilipia zaidi ya nusu lita kwa ajili ya hewa peke yake. Kisha, kama ilivyo desturi ya barabara ile, atayakuta malori ya Zambia na Kongo yamejipanga mbele yake, na dakika tano zote zitayeyuka hapo.

Hapo ndipo breki inapoingia, na hapa ndipo penye hasara ambayo madereva wachache huihesabu. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, na injini huweza kugeuza takriban robo yake kuwa mwendo, nyingine ikitoka kwa njia ya rejeta na bomba la moshi. Gari letu la kilo 1,400 likiwa katika kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 346, ambayo kuipata kumegharimu mililita 43 za petroli. Na dereva anapokanyaga breki mpaka gari likasimama, nishati hiyo yote hugeuka joto la diski na pedi, ikapeperuka bila ya kumsogeza mtu hata hatua moja. Atakayefanya hivyo mara 20 safarini, kwenye matuta, vivuko vya waenda kwa miguu na mikia ya malori, atakuwa ameunguza karibu lita nzima. Mwenzake aliyeliona tuta mapema na kuondoa mguu kwenye mafuta kwa wakati hufika pale pale na hasara ndogo, maana injini za kisasa, gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa, hufunga nozeli zake kabisa hata tone lisipite. Wanaotia nyutro katika mteremko kwa nia ya kubana matumizi wamekosea mara mbili: injini inayozunguka bure inahitaji mafuta ili isizimike, na dereva amejinyima msaada wa injini katika kupunguza mwendo.

Juu ya tabo, kile kifaa kinachoishindilia injini hewa, neno moja latosha. Petroli hukamilika kuungua kwa hewa mara 14.7 ya uzito wake. Lakini katika injini ya tabo, mafuta yakikanyagwa mpaka chini, kompyuta huongeza petroli hata uwiano ukashuka chini ya 12, ili ziada ile isiyo na oksijeni ya kuiunguza ipoze silinda zisiharibike. Kila anayekata upepo kwa nguvu zote hununua mafuta ya kupozea.

Mambo hugeuka kwa mwenye kuiacha lami Mlandizi akashika upande wa kusini kuelekea Dutumi, Kibaha inakokaribiana na Kisarawe, akaingia katika njia za udongo za vijijini. Huko ukinzani wa tairi waweza kuwa mara nne ya ule wa lami, yaani nyutoni 660 hivi, ukaupita hata ule wa hewa katika mwendo wa 120; kwa hiyo gari litakula mafuta hata likienda polepole. Si kwamba gari la spoti halifai udongo wetu, kwani Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973. Lakini katika mchanga, mguu mzito huzungusha tairi mahali pamoja, na kila shimo linalostukiwa hudai breki, kisha hudai kuanza upya. Mwendo mmoja usiokatika ndio unafuu pekee.

Kubana mafuta si jambo geni Tanzania: watu wazima wanakumbuka jinsi gari za binafsi zilivyokatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, nchi ilipokosa fedha za kigeni za kununulia mafuta. Leo hakuna katazo, ila kuna bei kikomo zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022 lita moja ilipita shilingi 3,000.

Asiyesadiki na apime. Ajaze tangi mpaka juu, aandike kilomita zake, aende Chalinze na kurudi kwa desturi yake, ajaze tena katika kituo kile kile na kugawanya kilomita kwa lita. Kisha arudie safari hiyo akitazama mbali na kuihurumia breki. Gari liwe lile lile, mzigo ule ule, na upepo wa tairi usipunguzwe wala kuongezwa.