Muhogo wa jirani: kagua kabla ya kupanda

Ukiishi Rhino Camp, Imvepi au Lobule, huenda mbegu yako ya muhogo ilitoka kwa jirani. Kusaidiana ni vizuri. Lakini vijiti hivyo vinaweza kuleta shambani kwako magonjwa mawili ya virusi: batobato na michirizi ya kahawia. Kiwanja chako ni kidogo, na ukipanda mbegu mgonjwa unapoteza msimu mzima.

Utayatambuaje?

Batobato huonekana mapema: majani hujikunja, huwa na mabaka ya njano, na mmea hudumaa.

Michirizi ya kahawia hujificha. Mmea unaweza kusimama vizuri, ukachuma sombe kila wiki, kumbe chini muhogo umeoza. Tazama majani ya chini yaliyokomaa: yana njano kando ya mishipa. Ukikata muhogo wenyewe, ndani una madoa makavu ya kahawia. Ugonjwa huu ulijulikana Tanganyika tangu miaka ya 1930, na Uganda ulianza kusambaa upya mwaka 2004.

Yote mawili huenezwa na nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, na pia na vijiti vya mbegu. Hakuna dawa ya kuponya mmea ulioambukizwa.

Ufanye nini?

- Chukua mbegu wakati jirani anavuna. Kateni mihogo ya mashina kadhaa. Mkiona kahawia ndani, usichukue kijiti chochote katika shamba hilo.
- Uliza aina. NASE 14 na NAROCASS 1 huvumilia magonjwa haya, ingawa si kwamba haziambukizwi kabisa.
- Miezi mitatu ya kwanza, kagua shamba kila wiki. Mmea mgonjwa ung'oe wote, uuchome au uuzike.
- Kwa ushauri wa mbegu, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, Arua, kilicho chini ya NARO.

Na nguruwe je?

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na huua nguruwe wengi kwa siku chache. Haimpati binadamu, ndiyo maana wengine huchinja haraka na kuuza nyama kwa bei ya chini. Lakini virusi hubaki katika nyama na damu. Mabaki ya jikoni yakitupwa zizini, nguruwe wa aliyenunua nao wanakufa. Kwa hiyo:

- Usiuze nguruwe mgonjwa, wala nyama yake. Aliyekufa mzike shimo refu.
- Chemsha mabaki ya chakula kabla ya kuwalisha.
- Usiingie zizini na viatu ulivyovaa sokoni au kwa jirani.

Ukiona vifo vya ghafla, mwambie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Kama humjui, anza na mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako. Usione aibu: ukinyamaza, majirani nao watapoteza mifugo yao.