Je, Wajua? Asia iko nyuma ya nyumba, Lupepo

Simama nyuma ya nyumba yoyote ya Lupepo, wilayani Rungwe, asubuhi, kabla umande haujakauka. Migomba imeinamia paa, magimbi yamejazana karibu na maji, miwa mitatu minne imesimama kando ya choo, kuku wanaparua majani makavu, na ng'ambo ya njia kuna chai iliyokatwa ikalingana kama zulia. Muulize mwenye mji, atakwambia vitu hivi ni vyetu tangu enzi za mababu. Hajakosea. Ila kabla ya mababu wa Rungwe palikuwa na mababu wengine, mbali kabisa upande wa mashariki, watu wasiojua chuma wala kalamu. Wao ndio walioanza kuvilima na kuvifuga.

JE, WAJUA kwamba dalili za kale zaidi za kilimo cha mgomba zimepatikana Kuk, bonde la kinamasi katika milima ya Papua New Guinea, pembeni mwa Asia ya kusini-mashariki? Kuk iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha Tukuyu mjini. Karibu miaka 7,000 iliyopita watu wa huko walikuwa wakiinua vilima vidogo vya udongo ili mimea isioze kwa maji, na juu yake wakipanda migomba. Baadaye wakachimba mifereji. Mwaka 2008 UNESCO iliiandika Kuk katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ukifika utaona majani na mitaro iliyofukiwa, basi. Hakuna piramidi.

Sasa, mgomba hauna mti wa kuacha mkaa wala kokwa la kuacha jivuni. Wataalamu wamejuaje? Mgomba unaponyonya maji hunyonya pia silika ya udongoni, na silika hiyo hugandia ndani ya majani ikawa vijiwe vidogo visivyoonekana kwa macho. Jani huoza, kijiwe hubaki maelfu ya miaka. Mimea mingi ina umbo lake la kijiwe. Cha mgomba, ukikitazama kwa darubini, ni kilima kilichokatwa kichwa, chenye shimo juu. Kwa mtu wa Rungwe sina haja ya kueleza zaidi: ni mlima Ngozi, ila umepungua hadi kutoshea kwenye vumbi.

JE, WAJUA kwamba ndizi pori imejaa mbegu nyeusi, ngumu za kuvunja jino? Vile vidoa unavyoviona katikati ya ndizi kisukari ni mabaki ya mbegu hizo, zilizoshindwa kukua. Wakulima wa kale walichagua mgomba uliozaa nyama nyingi na mbegu chache, wakachagua tena, na tena. Migomba mingi tunayokula leo ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na hesabu hiyo ya witiri ndiyo inayoifanya isiweze kutengeneza mbegu.

Hapa nataka tukae kidogo. Mmea usio na mbegu hausafiri wenyewe. Ndege hawezi kuumeza akaudondosha ng'ambo, na nazi inayoelea baharini si ndugu yake. Mgomba husafiri kwa njia moja tu: mtu anachimba chipukizi, analikata, analibeba, analifukia shimoni. Kwa hiyo kati ya mgomba ulio nyuma ya nyumba ya Lupepo na ule wa kwanza kabisa kuna mikono ya watu isiyokatika hata mara moja, iwe ndani ya mtumbwi au kichwani pamoja na mzigo wa bibi arusi. Laiti kizazi kimoja katikati kingechoka! Vipimo vya vinasaba vya ndizi za kupika za Uganda na Bukoba vinaonyesha kwamba aina zake zote, kwa wingi wake na majina yake, zinakaribia kuwa mmea mmoja uliozaa machipukizi, yakabadilika kidogo kidogo mkononi mwa wakulima.

Lini mgomba ulifika Afrika? Hapo wasomi wanagombana. Kule Nkang, Kamerun, vimeokotwa vijiwe vya mgomba vinavyokadiriwa kuwa na miaka kama 2,500, na si wote wanaoviamini. Maandishi yanakuja baadaye sana. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji, wenyeji wake, wanakula ndizi, nazo ni nyingi kwao kama zilivyo India. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliwekewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Mpishi wa mbalaga, ndizi zetu za kupikwa, hatashangaa hata kidogo.

JE, WAJUA kwamba gimbi huenda liliutangulia mgomba shambani? Zana za mawe za Kuk zimekutwa na chembe za wanga wa gimbi, na umri wake unakaribia miaka 10,000. Na hili zao la ardhini ni katili: likiwa bichi lina fuwele zenye ncha kama sindano, ndizo zinazowasha koo na mikono ya anayemenya. Yule wa kwanza aliyelila, likamwasha, kisha akarudi kulijaribu motoni, anastahili heshima zake.

Muwa nao asili yake ni New Guinea. Watu waliutafuna kwa maelfu ya miaka kabla Wahindi hawajagundua jinsi ya kuchemsha maji yake hadi yakawa sukari. Mtoto wa Lupepo anayetafuna muwa njiani ndiye anayeutumia kwa namna ya kale zaidi.

Tangawizi je? Haijulikani popote duniani ikiota porini.

Mpunga hauipendi baridi ya Lupepo, kwa hiyo teremka Kyela. JE, WAJUA kwamba chanzo chake ni bonde la mto Yangtze nchini China? Katika makazi ya kale ya Shangshan, mkoa wa Zhejiang, watu walichanganya makapi ya mpunga na udongo wa kufinyangia vyungu karibu miaka 10,000 iliyopita. Chungu kikavunjika, alama ya kapi ikabaki.

Kazi kubwa ilikuwa kuuzuia mpunga usipukutike. Mpunga pori ukiiva tu hudondosha punje zake chini, jambo jema kwa mmea na msiba kwa mwenye kikapu. Ila mashuke machache yalikuwa na kasoro: yalishikilia punje. Mvunaji alizipata hizo kwa wingi, zikawa ndizo anazozipanda msimu uliofuata, bila hata kukusudia. Kule Tianluoshan, mkoa huohuo wa Zhejiang, wachimbaji walihesabu vikonyo vya punje vilivyohifadhiwa matopeni: kati ya miaka 6,900 na 6,600 iliyopita, punje zisizopukutika zilipanda kutoka asilimia 27 hadi 39. Miaka 300 kwa asilimia 12! Anayedhani kilimo kilivumbuliwa na mtu mmoja mwenye akili siku moja asubuhi aitazame hesabu hiyo. Na ndiyo maana leo mkulima wa Kyela hana budi kuupura mpunga wake, ulishafundishwa kutoachia.

JE, WAJUA kwamba kemikali inayofanya mchele wenye harufu unukie ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye harufu ya bisi? Nusa mwenyewe siku ukipita mahali zinapokaangwa.

Mchele haukupokelewa pwani kwa haraka. Pemba, katika kijiji cha kale cha Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, watu walikula zaidi uwele, nafaka ya Kiafrika. Jirani tu, Chwaka, kuanzia karne ya 11, mchele ukatawala. Wakati bara wakiendelea na mtama na uwele wao, Komoro tayari kulikuwa na mchele na choroko, vitu vya watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki. Watu hao waliacha ushahidi wa pili ambao hauhitaji kuchimbwa: lugha ya Madagaska, ambayo ndugu yake wa karibu zaidi husemwa Borneo.

Na kuku? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 unawaweka kuku wa kwanza wa uhakika huko Ban Non Wat, Thailand, yapata miaka 3,500 iliyopita. Inaonekana kuku pori wa msituni walifuata punje za mpunga na mtama mdogo zilizomwagika mashambani, wakazoea, wakabaki. Hata ng'ombe wa nundu, fahari ya boma la Mnyakyusa, nundu yake ni ya bonde la Indus.

Chai ni mgeni wa jana. Majani yake yamepatikana kaburini mwa mfalme Jing wa China aliyefariki mwaka 141 kabla ya Kristo, lakini Tanzania Wajerumani waliijaribu kwanza Amani, Usambara, mwaka 1902, kisha Kyimbila, hapahapa Rungwe, mwaka 1904. (Maharage, mahindi, viazi mviringo na parachichi vinyamaze leo, hivyo ni vya Amerika.)

Usidhani lakini kwamba tulipokea tu. Mtama, uwele na kunde, mazao ya Afrika, yalikuwa yamefika India kati ya miaka 4,000 na 3,500 iliyopita. Ulezi, uliozaliwa katika nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda, nao ukafuata. Ulezi ndio uliolisha Wanyakyusa pamoja na ndizi, na ndio unaotia nguvu kwenye pombe ya kimpumu. Kule Karnataka, kusini mwa India, unaitwa ragi. Unga wake husongwa ukawa mgumu, ukafinyangwa tonge kubwa la mviringo, mlaji akamega kwa mkono wa kulia, akachovya kwenye mchuzi. Tofauti moja tu itamsumbua mgeni kutoka Lupepo: wenyeji humeza bila kutafuna.