Kill Bill ya Pili kwa Hesabu ya Magongo

Nimeketi sehemu ya kusubiria ndege, uwanja wa Moi, Port Reitz. Nilifika saa mbili kabla ya safari ya Nairobi kama tulivyoagizwa. Foleni na ukaguzi vimekula dakika 20, na abiria huanza kuitwa dakika 30 kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo zimebaki 70. Angani ni kama dakika 45. Jumla nina dakika 115 za kutazama filamu kwenye simu. Kill Bill ya kwanza ina dakika 111, ingeisha nikiwa bado angani. Ya pili ina 137, imezidi kwa 22. Nimechagua ya pili hata hivyo, na nitaeleza kwa tarakimu.

Kwanza bajeti, yaani gharama ya kupiga na kuhariri filamu, bila matangazo. Inayotajwa mara nyingi ni dola milioni 30 kwa kila sehemu. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi bilioni 3.87. Filamu ilipotoka Aprili 2004, dola ilikuwa kama shilingi 79, na bajeti ileile inakuwa bilioni 2.37. Tofauti ni bilioni moja na nusu, wala hakuna picha hata moja iliyoongezwa. Anayekutajia gharama ya filamu kwa shilingi, muulize kwanza ni dola ya mwaka gani.

Hata hizo milioni 30 zina walakini. Quentin Tarantino alipiga filamu moja. Ilipoonekana ni ndefu mno, mwaka 2003 ikaamuliwa ikatwe vipande viwili, na hesabu ya takriban milioni 60 ikagawanywa kati. Tukiukubali mgawanyo huo, dakika moja ya sehemu ya kwanza iligharimu shilingi milioni 34.9, na ya pili milioni 28.2, yaani nafuu ya asilimia 19. Lakini pambano la mgahawani Tokyo katika sehemu ya kwanza lilichukua wiki nane kupigwa, huku sehemu ya pili ikiwa imejaa watu wawili wawili wakizungumza. Nashuku kwamba nusu kwa nusu ni urahisi wa mhasibu tu, na kwamba ya pili ilikuwa rahisi kuliko inavyoandikwa.

Kipimo cha karibu na kwetu kipo Wakaliga, Kampala. Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya ngumi na risasi ambayo bajeti yake husemwa haikufika dola 200, sawa na shilingi 25,800. Kwa bei hiyo, sekunde moja ya Kill Bill ya pili ingelipia filamu 18 za Wakaliga. Tusiishangilie sana hesabu hiyo. Waigizaji wa Wakaliga walijitolea na vifaa vingi viliundwa palepale, kwa hiyo jasho lao halimo ndani ya zile dola 200. Weka ujira wa kibarua kwa kila mmoja uone zitakavyopanda.

Sasa mapato ya tiketi, yaani fedha zote walizolipa watazamaji sinema, kabla ya wenye kumbi kuchukua fungu lao, ambalo kwa kawaida hukaribia nusu. Sehemu ya kwanza ilipata kama dola milioni 180.9 duniani, ya pili milioni 152.2, pungufu ya asilimia 16. Kwa tarakimu hizo watu husema ya pili ilififia. Zichambue. Ndani ya Marekani ilishuka kutoka milioni 70.1 hadi 66.2, asilimia sita tu, na wikendi yake ya kwanza ilizidi ya mwenzake: milioni 25.1 dhidi ya 22.1. Anguko lenyewe lilikuwa nje ya Marekani, kutoka milioni 110.9 hadi 86. Walioipenda ya kwanza walirudi, tena mapema. Waliopungua ni wale waliofuata upanga, na upanga ulikuwa umepungua.

Katika milioni hizo 152 hakuna hata shilingi yangu moja. Mimi niliitazama mtaa wa Magongo, kwenye kibanda cha vidio cha mabati, kiingilio shilingi 20, sehemu zote mbili mfululizo kwenye diski moja. Dakika 248 kwa shilingi 20 ni senti nane kwa dakika. Chukulia tiketi ya sinema ni shilingi 600: Mmarekani wa mfano wetu angelipa 1,200 kwa kuziona zote, mara 60 ya kiingilio changu. Mwenye haki hakupata kitu kibandani, na hilo sina utetezi. Lakini wenyewe waliikata filamu wakauza tiketi mbili, sisi tukaitazama nzima. Wazo la kwamba ya pili ni mwendelezo halikutufikia.

Ndiyo maana siipimi kwa maiti. Katika sehemu ya kwanza mhusika mkuu, Bibi Harusi, anapambana na genge linalojiita 88. Katika ya pili, Bill mwenyewe anamwambia nduguye Budd kwamba hawakuwa 88 kweli, walijiita hivyo kwa kuwa jina lilipendeza. Hata ndani ya hadithi tarakimu imetiwa chumvi. Na Johnny Mo, kiongozi wa genge hilo, ameigizwa na Gordon Liu, ambaye katika sehemu ya pili ndiye mwalimu Pai Mei. Wakongwe wa kibandani walimtambua mara moja: ni yule wa The 36th Chamber of Shaolin ya 1978.

Hesabu wanaokufa kwa mkono wa Bibi Harusi katika dakika zote 137. Budd anauawa na nyoka aliyeletwa na Elle, muuaji mwenzake. Elle anang'olewa jicho lililobaki na kuachwa gizani akiwa hai. Anabaki Bill peke yake. Dola milioni 30 kwa kifo kimoja, tena kisicho na upanga: vidole vitano kifuani, kisha hatua tano. Atakaye wingi ataona amepunjwa. Mimi naona kifo hicho ndicho pekee kilicholipiwa sawasawa, kwa sababu kabla yake wawili hao wameongea kama mke na mume.

(Katika ya kwanza Bibi Harusi anapanda ndege ya Tokyo na upanga wake kando ya kiti. Hapa Port Reitz nimevuliwa hata mshipi.)

Tumeitwa, dakika ya 70 kamili. Ndege ikitua Nairobi, Bill atakuwa bado hai.