Dampo Hufungwa, Maji Yake Hayafungwi
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumzia taka zinazokera macho na pua. Leo tushuke chini ya udongo, kwa sababu madhara mazito ya dampo huanza pale watu wanapolisahau. Shimo likijaa, greda hulisawazisha, nyasi huota, na baada ya misimu michache mtu huuziwa kiwanja juu yake. Akichimba msingi anakutana na tabaka jeusi: vitambaa, betri za tochi, vigae vya chupa, makopo ya dawa za mikorosho, na mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Juni 2019 lakini huku chini ingali mizima. Anatupa kifusi hicho pembeni, anamwaga zege, kisha nyuma ya nyumba anachimba kisima.

Wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Maji ya miezi hiyo hupenya kwenye taka kama maji ya moto yanavyopenya majani ya chai, yakatoka chini yamebeba kila yalichokiyeyusha. Miaka ya mwanzo taka zinapooza hutoa asidi, na asidi huyeyusha chuma, zinki na risasi. Baadaye asidi hupungua, gesi ya methani huanza kutoka, na sehemu kubwa ya metali hunasa humo humo ndani. Hapo wengi hudhani hatari imekwisha. Amonia, hata hivyo, haiishi upesi. Huchuruzika kwa miongo kadhaa, na ikikuta hewa kwenye udongo hugeuka naitreti, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto hushindwa kubeba oksijeni.

Maji hayo yataelekea wapi, ni ardhi inayoamua. Sehemu kubwa ya Nachingwea imekaa juu ya miamba migumu ya kale. Maji ya visima hupatikana katika tabaka lililomomonyoka juu ya miamba hiyo, na kwenye nyufa zake. Ndani ya ufa hakuna mchujo wowote, wala maji hayafuati mstari ulionyooka. Kisima kilicho karibu na dampo chaweza kuwa salama, na cha mbali kikawa na sumu. Ndiyo maana zile mita 60 zinazotajwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira kando ya vyanzo vya maji, mimi nazihesabu kuwa hatua ya kwanza tu.

Udongo wenyewe ni habari nyingine. Udongo wa Nachingwea ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta Waingereza wa Mpango wa Karanga uliotangazwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpango ulikufa mwaka 1951, na reli yake ya kwenda Mtwara iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini udongo upo. Udongo mwekundu wenye chuma hunasa risasi na zinki vizuri, mradi usiwe umechachuka kwa asidi. Na hapa mikorosho inaingia. Salfa inayopulizwa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga haibaki yote kwenye majani na maua. Nyingine huanguka chini, na bakteria huigeuza kuwa asidi. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamelichunguza tatizo hilo. Sisemi salfa iachwe. Mkulima asiyepuliza anajua atakachovuna. Nasema dampo lisichimbwe ndani ya mikorosho, kwa sababu udongo wa hapo umepungukiwa na uwezo wa kuzuia risasi.

Ruangwa ina dampo la aina nyingine, ingawa hakuna anayeliita hivyo: rundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wa Namungo, mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa, na zebaki huingizwa ili kukamatisha dhahabu. Popote kazi hiyo inapofanywa, zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, na mvua ikiyasomba hadi kwenye tope la mabwawa na mito, bakteria huigeuza kuwa ya aina inayoingia kwenye samaki na hatimaye kwenye sahani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba ni mwema, lakini marudio ya kabla yake hayajaondoka yalipo.

Miji mikubwa ilishapita njia hii. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilishtaki jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo, wakashinda. Hatimaye taka zikahamishiwa Vingunguti, kando ya mto Msimbazi, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Magari yalihama, taka za zamani zikabaki zilipozikwa. Huko Dandora, Nairobi, uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa uliwapima watoto 328 waliokuwa karibu na dampo, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na dawa haiurudishi ulivyokuwa.

Kuchemsha maji hakusaidii hapa. Moto huua vijidudu. Naitreti na risasi hubaki sufuriani, tena zikiwa nzito zaidi kwa kuwa maji yamepungua. Kutu kwenye ndoo nayo si ushahidi, kwani visima vingi vina chuma cha asili. Kinachofaa ni kulinganisha: maji ya kisima kilicho juu ya mteremko na ya kile kilicho chini ya dampo, yapimwe kloridi, naitreti na uwezo wa kupitisha umeme, mara moja mwisho wa mvua na mara moja mwisho wa kiangazi. Tofauti ikiwa kubwa, risasi na zebaki zipimwe maabara.

Miji yetu bado midogo, na wazee wanaokumbuka palipokuwa na mashimo ya taka bado wapo. Halmashauri zetu mbili ziwaulize, zichore ramani ya mashimo hayo, na pasiwepo kisima wala bustani ya mchicha juu yake. Nawe msomaji, ukijua lilipo shimo la zamani, mpelekee habari mtendaji wako wa kata kabla viwanja havijagawiwa.

Itaendelea.