Sauti Iliyokuwa Katika Santuri

Wengi hudhani kwamba sauti ya sinema ilikuwamo katika ukanda wa picha tangu mwanzo. Sivyo. Filamu ya The Jazz Singer ilipoonyeshwa New York mwaka 1927, Al Jolson alisikika kutoka katika santuri za inchi 16, kila ukanda na santuri yake, zikiendeshwa pamoja na mtambo mmoja. Taabu ilikuwa ukanda kukatika. Fundi akiunga ovyo, picha kadhaa hupotea, nazo zilizobaki huitangulia sauti: mwimbaji amekwisha fumba mdomo, ndipo neno lake linatoka! Ilimpasa kutia vipande vyeusi kwa hesabu ya picha zilizopotea, na picha 24 hupita kwa sekunde moja. Mimi namsifu fundi huyo kuliko mwimbaji. Baadaye sauti ilitiwa kando ya picha, katika ukanda ule ule, santuri zikaachwa.