Fahamu: Maswali ya mazoezi kwa muuguzi anayetaka kibali cha kuandika dawa

Nchini Marekani, muuguzi aliyesomea kutibu wagonjwa (nurse practitioner) hadi ngazi ya uzamili au udaktari anaweza kupima wagonjwa, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Majimbo mengi humtaka kwanza afaulu mtihani wa taifa. Wanaohudumia familia huchagua kati ya bodi mbili, AANPCB na ANCC. Ule wa AANPCB una maswali 150 kwa saa 3. 15 kati yake hayahesabiwi, ila mtahiniwa hajui ni yapi.

Ndiyo maana wengi, wakiwemo Wakenya wanaosoma huku wakifanya zamu za usiku, hushinda na maswali ya mazoezi. Chukua hili: mama wa miaka 58 alianza kumeza lisinopril wiki tatu zilizopita, kwa ajili ya presha. Sasa ana kikohozi kikavu, hana homa, mapafu ni safi. Mwenye haraka humpa antibayotiki. Jibu ni kumbadilishia dawa ya presha, labda losartan, kwani hiyo ya kwanza ndiyo inayomkohoza.

Ukilikosa swali kama hilo, tafadhali usikimbilie linalofuata. Soma kwa nini kila jibu baya limekataliwa, andika sababu kwa mkono wako, kisha lirudie baada ya siku chache. Kwangu mimi, maswali 30 yaliyochambuliwa hivyo yanashinda 200 ya kubofya tu. Kukariri herufi za majibu hakumsaidii yule mama.

Mtihani ukikaribia, fanya maswali yote 150 kwa mkupuo mmoja, saa mbele yako, simu chumba kingine.