Siku 15 za Seneti

Zamani, gunia la kasiterite, mawe ya bati, lilipotoka machimboni Bisie mgongoni mwa mbebaji, lilikuwa na mwendo wa siku mbili msituni kabla ya kufika Njingala, kisha likaletwa Mubi, ambako wanunuzi walikuwa wakilingoja na mizani zao. Njiani lilikuwa limeshalipiwa si mara moja. Mwenye bunduki alibadilika mwaka hadi mwaka, leo mwasi, kesho askari wa serikali, lakini kamba iliyovutwa katikati ya njia ilibaki ileile. Mubi, mji wa biashara ulioko wilayani Walikale, Kivu Kaskazini, kando ya Barabara ya Taifa nambari 3 iendayo Lubutu na Kisangani, umeijua dola kwanza kwa njia ya bariyeri. Ukiuliza sokoni ni nani mbunge wa Walikale, utatajiwa majina, na matusi mawili matatu juu yake. Ukiuliza seneta ni nani, wengi watakutazama tu. Si ujinga wao. Hakuna mtu wa Mubi aliyewahi kumpigia seneta kura, na kazi anayoifanya Kinshasa haijawahi kuelezwa kwa lugha ya sokoni. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa sasa, Kivu Kaskazini imeguswa na kazi hiyo kuliko majimbo karibu yote ya Kongo.

Tuanze na jinsi seneta anavyopatikana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema maseneta huchaguliwa na bunge la jimbo kwa miaka mitano. Kila jimbo hutoa wanne na Kinshasa hutoa wanane, kwa hiyo majimbo 26 yanatupatia maseneta 108. Juu yao huongezwa rais mstaafu aliyewahi kuchaguliwa, ambaye ni seneta maisha yake yote. Ndiyo kusema mwananchi wa Mubi humchagua mjumbe wa bunge la jimbo, naye mjumbe ndiye humchagua seneta. Baraza lenyewe si geni. Lilikuwapo wakati wa uhuru mwaka 1960, likafutwa na katiba ya Mobutu ya 1967, likarudi na serikali ya mpito mwaka 2003, wakati nchi ilipokuwa ikijaribu kuunganisha vipande vyake baada ya vita. Mantiki yake ni nyepesi. Katika bunge la taifa viti hufuata idadi ya wapiga kura walioandikishwa, hivyo jimbo kubwa lina sauti kubwa. Katika Seneti, jimbo dogo na jimbo kubwa hukaa kwenye benchi moja kwa idadi moja, Kinshasa peke yake ikipendelewa.

Kazi ya kila siku katika Palais du Peuple, jengo la bunge Kinshasa, haina mbwembwe. Mihula ya kawaida ni miwili kwa mwaka: wa kwanza unafunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa tarehe 15 Juni, wa pili unaanza tarehe 15 Septemba na kwisha tarehe 15 Desemba, na huu wa pili humezwa karibu wote na bajeti. Mswada ukifika kutoka bunge la taifa, hupelekwa kwenye kamati inayohusika. Ukiwa wa fedha utakwenda kwa watu wa uchumi na fedha, ukiwa wa mamlaka na mahakama utakwenda kwa wanasheria. Kamati huurudisha ukiwa na ripoti, kisha kikao cha wote huupitia kifungu baada ya kifungu, mikono ikipanda na kushuka. Mabaraza mawili yakipitisha maneno tofauti, huundwa kamati ya pamoja yenye idadi sawa kutoka kila upande ili kutafuta andishi moja, na wakishindwa kabisa, bunge la taifa ndilo lenye neno la mwisho. Kuna jambo dogo katika kifungu cha 120 cha Katiba ambalo naliona kuwa moyo wa utaratibu huu wote. Kura ya mwisho juu ya sheria nzima hupigwa kwa kuitwa majina, na kila mmoja hujibu kwa sauti. Jina lako linasomwa, chumba kinanyamaza, nawe unasema ndiyo, hapana, au unajizuia. Katika nchi ambamo maamuzi mengi hufanyika bila mwenyewe kujulikana, hili si jambo la kudharau.

Kama kweli baraza hili lina neno la pili tu, faida yake iko wapi? Mfano bora ni wa Januari 2015. Bunge la taifa lilikuwa limepitisha sheria ya uchaguzi yenye kifungu kilichofunga uchaguzi kwenye sensa ya watu, na kila mtu aliyewahi kuona sensa ikiahidiwa Kongo alielewa maana yake: uchaguzi ungengoja miaka, na Rais Joseph Kabila angengoja nao. Watu waliingia barabarani Kinshasa na Goma, na wengine waliuawa. Mswada ulipofika Seneti, chini ya rais wake Léon Kengo wa Dondo, kifungu kile kiliondolewa, na andishi la mwisho likatoka bila hicho. Utasema ni barabara iliyoshinda, wala si Seneti, na sitabisha sana. Lakini hasira ya barabarani inahitaji mlango wa kuingilia katika sheria, na siku ile mlango ulikuwa kule, kwa sababu tu Katiba ililazimisha mswada usomwe mara ya pili na watu wengine. Ni utaratibu huohuo uliopitia Kanuni mpya ya Madini mnamo Januari 2018. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi Machi mwaka huo inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au uchifu ambamo mgodi umesimama, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa Walikale, ambako mgodi wa kisasa wa bati wa Bisie ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019, hiyo 15 ni suala la zahanati na madaraja.

Kisha kuna upande wa pili wa hadithi, na huo ndio unaoniudhi. Tarehe 3 Mei 2021 Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura ya kijeshi, ile inayoitwa mtaani eta de siyeji, katika Kivu Kaskazini na Ituri, nayo ikaanza kazi tarehe 6. Gavana raia akaondoka, jenerali akaketi mahali pake. Wakuu wa wilaya wakawa askari na polisi. Kesi za jinai za raia zikahamia mahakama za kijeshi. Na bunge la jimbo likawekwa pembeni. Lilikuwa bunge lilelile linalowachagua maseneta. Kwa hiyo baraza ambalo kazi yake ni kuwakilisha majimbo likabaki ndilo karibu sauti pekee ya jimbo ambalo mabaraza yake yamenyamazishwa. Katiba, katika kifungu cha 144, iliona hatari hii mapema. Inasema hali kama hiyo hudumu siku 30, kisha hufa yenyewe, isipokuwa bunge la taifa na Seneti yakubali kuiongeza kwa vipindi vya siku 15, na mabaraza hayo yanaweza kuikatisha wakati wowote kwa sheria. Siku 15 si idadi iliyookotwa. Waliotunga walitaka serikali irudi kila baada ya wiki mbili, kofia mkononi, ieleze: nini kimefanyika, nini kimebaki, kwa nini bado? Yule wa Mubi aliyelala mahabusu ya kijeshi kwa kosa la kawaida alistahili swali hilo liulizwe upya kila mara.

Kilichotokea ni kwamba swali liligeuka muhuri. Waziri aliingia, akasoma sababu zilezile, mswada ukapita, ukaenda baraza jingine, ukapita, na baada ya siku 15 safari ikaanza upya. Mwaka mmoja una vipindi kama hivyo 24. Fanya hesabu ya miaka mwenyewe. Mabaraza yalipokwenda likizo, serikali ilipewa kibali cha kuongeza muda yenyewe, ndiyo kusema hata ule usumbufu mdogo wa kuja kuomba uliondolewa. Katika bunge la taifa, kamati ya ulinzi na usalama ilifanya tathmini mwaka 2021 na kutoa lawama nzito, na baadhi ya wabunge wa Kivu Kaskazini na Ituri waligomea kura za kuongeza. Agosti 2023 ikaitwa meza ya mashauriano Kinshasa, na Oktoba Rais akatangaza kuilegeza hali hiyo hatua kwa hatua. Lakini meza ile ya siku tatu ilifanya kazi ambayo Seneti ilikuwa na nafasi ya kuifanya mara mbili kila mwezi.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa vita hakuna nafasi ya mijadala, na kwamba seneta aliyepiga kura ya hapana angeonekana anamsaidia adui. Hoja hii ina uzito, hasa kwa watu waliolala msituni na watoto. Ila ihukumiwe kwa matokeo. Waasi wa M23 walianza tena mashambulizi mwishoni mwa 2021, miezi michache baada ya majenerali kukabidhiwa jimbo. Desemba 2023 wilaya za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Goma ikaanguka Januari 2025, na tarehe 19 Machi M23 wakaingia Walikale mjini, mgodi wa Bisie ukiwa umeshasimamisha kazi siku chache kabla. Sisemi kwamba utawala wa kijeshi ndio ulioleta haya. Nasema kwamba hatua iliyochukuliwa kwa ajili ya usalama, na usalama ukazidi kuharibika, ndiyo hasa inayodai kuhojiwa, na kimya hakikumuokoa mtu yeyote.

Pingamizi jingine ni la gharama na rushwa. Tanzania na Uganda zinaishi bila baraza la juu, kwa nini sisi tulipe mishahara 108? Na uchaguzi wa maseneta wa Machi 2019 ulinuka fedha kiasi kwamba Tshisekedi mwenyewe alisimamisha kwa muda kuanza kazi kwao. Kweli tupu. Anayechaguliwa na watu wachache ni rahisi kununua njia yake, na mimi ningependelea maseneta wachaguliwe moja kwa moja na wananchi, kama wale wa kaunti za Kenya. Kenya nayo ilikuwa na Seneti mwaka 1963, ikaifuta 1966, ikairudisha 2013. Na mwaka 2020 Seneti hiyo iliahirisha mara kwa mara kura juu ya mgawanyo wa fedha za kaunti, Nairobi ikikasirika, mpaka ikapatikana njia ambayo haikuzipunguzia fedha kaunti za kaskazini na pwani. Ukaidi ule ulichosha, na ulikuwa na faida.

Na isisemwe kwamba Seneti ya Kongo haina nguvu. Mei 2025, ilipotakiwa kumvua kinga Joseph Kabila, seneta wa maisha, iliunda kamati maalumu, ikapokea ripoti, ikapiga kura ya siri: 88 waliunga mkono, 5 walikataa, 3 walijizuia. Kwa mtu mmoja, utaratibu wote ulifuatwa mpaka mwisho. Jimbo zima linastahili angalau kiasi hicho. Seneti haiwezi kuiangusha serikali, kwani kura ya kutokuwa na imani ni ya bunge la taifa peke yake, lakini kifungu cha 138 kinampa seneta swali la mdomo, swali la maandishi, wito wa kumhoji waziri na tume ya uchunguzi. Swali la mdomo linaanzishwa na seneta mmoja, na halihitaji kura ya kulifunga. Lingeweza kuwa hili, kwa waziri wa ulinzi, kabla ya majina kuitwa tena: kutoka Mubi mpaka Walikale mjini leo kuna bariyeri ngapi, nani anakaa kwenye kila moja, na franka zinazolipwa pale zinaingia katika mstari gani wa bajeti.